Sinia la Watu Wanne

Dada yangu ni kinyozi, na kama hujawahi kunyolewa na mwanamke mwenye hasira, bado hujajua thamani ya shingo yako. Duka lake lina kiti kimoja kinachozunguka, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi ambalo wateja hukaa kusubiri zamu huku wakijifanya hawasikii mwenzao anavyosemwa. "Tulia! Kichwa chenyewe kina kona kama nyumba ya kupanga!" Hiyo ndiyo lugha ya biashara pale. Na wanarudi. Wanaume ni viumbe vya ajabu.

Mumewe alimpata kwenye kiti hichohicho. Jamaa aliingia na udongo kichwa kizima, akakaa, akafumba macho kama mfalme. Dada akamwambia, "Nenda kajimwagie maji kwanza. Mimi nanyoa nywele, sifyeki shamba." Mwingine angeondoka na matusi. Huyu alikwenda, akarudi ameloa mpaka viatu, akakaa tena. Dada alicheka hadi mashine ikamponyoka, na kabla mwaka haujaisha nikawa na shemeji.

Mtaani wanamwita Beleshi. Jina lilitokana na kazi, maana alikuwa mchimba mitaro ya mabomba ya maji, lakini lilikaa vizuri zaidi kwa sababu ya ulaji wake. Shemeji alikuwa hali, alikuwa anahamisha. Unaweka kilima cha wali hapa, unageuka kuchukua chumvi, ukirudi kilima hakipo na yeye anakuuliza kama kuna mchuzi umebaki. Siku ya kwanza kukaribishwa kwetu, mama yetu alipika chakula cha watu sita, kisha akaingia jikoni kimyakimya kuwakaangia mayai hao watano wengine.

Nayasema haya ili ujue tulianzia wapi.

Genge lao lilikuwa la watu wanne: yeye, mmoja waliyemwita Kipara, mwingine Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima, na mdogo wao, Bwana Harusi, aliyekuwa anaoa kila Jumatatu kwa maneno na hajawahi kuoa hata mara moja kwa vitendo. Walikula kwenye sinia moja. Zamu ilizunguka: mwenye zamu anapanda kutoka mtaroni mapema, ananawa, anamwaga chakula kwenye sinia, anachora msalaba kwa ukingo wa kijiko zipatikane sehemu nne sawasawa, kisha anaita. Hakuna kugusa mpaka wote wanne wamekaa. Hata uwe na njaa ya kuona nyota mchana, unasubiri.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Beleshi. Aligawa, akaita. Kutoka chini Redio akamjibu, "Tunakuja, na usituonjee!" Ukuta wa mtaro haukuwa na mbao za kuuzuia, kwa sababu msimamizi alisema mbao zinakuja kesho. Ukaanguka wote kwa pamoja.

Mzaha wa kuweka hapa sina. Nimeutafuta.

Beleshi alichimba kwa mikono hadi watu walipomvuta pembeni. Watatu walitolewa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anapumua. Sinia lilikuwa palepale juu, na msalaba wake.

Nyumbani alirudi mtu anayefanana naye. Alilala akiwa amevaa viatu. Alikaa pale tu anapouona mlango. Jirani anajenga, na lori lilipomwaga mchanga uwanjani kwake, shemeji aliingia chini ya sofa. Sofa lenyewe la watu wawili, na yeye ana mabega ya kabati. Alipotaka kutoka, sofa likatoka naye, amelibeba mgongoni kama kobe. Sisi tulikaa kimya kwa heshima. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akalia, na hatukujua ni wakati gani kicheko kiligeuka.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa kwenye chakula. Dada anamwekea sahani, yeye anaiangalia. Anachukua kijiko, anachora msalaba, anaweka kijiko chini, anageukia mlango. Chakula kinapoa. Kikishapoa kabisa, siku nzuri, anakula robo moja. Siku mbaya, anainuka. Ukimwambia, "Shemeji, kula basi," anakujibu kwa upole wa kutisha, "Bado kidogo."

Suruali zikaanza kumkimbia. Mkanda ukatobolewa matundu mapya kwa msumari. Mtaa mzima ukawa daktari. Mwenye duka la jirani alisema ni minyoo. Shangazi yetu alisema apewe maini. Jamaa mmoja wa kwenye benchi la Dada alisema Beleshi amefungwa na aletwe mtu wa kumfungua, naye anamjua mtu huyo, tena ni binamu yake. Na mimi niliyesomea lishe hadi katikati ya diploma, nilitoa hotuba nzuri sana kuhusu protini. Najua chakula kinavyoingia mdomoni. Kinakokwenda baada ya hapo ulikuwa muhula uliofuata.

Mjomba wake hakuhutubia. Alimwita kwake siku moja, akamkalisha, akamshika kidevu na kumtia kijiko mdomoni kama mtoto. Beleshi alitoroka kupitia dirishani. Tulimtafuta usiku na mchana uliofuata, tukamkuta amekaa ukingoni mwa mtaro wa barabara mpya, miguu inaning'inia ndani, udongo mbichi pande zote. Dada alikaa kando yake, naye akaning'iniza miguu, mpaka Beleshi alipokubali kuinuka.

Tangu hapo ndipo walipoanza kwenda kliniki pamoja. Mshauri ni mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, anaongea polepole kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Alisema kitu hiki kina jina, ni kiwewe. Alisema si ujinga, si uvivu na si jini, na kwamba mwili wa Beleshi bado uko ukingoni mwa ule mtaro unasubiri. Kisha akampa Dada masharti: usimhesabie matonge, usimlazimishe, usimfanyie ujanja kwenye chakula, kula pamoja naye.

Dada alitii yote isipokuwa lile la ujanja. Lile alilisikia kama mteja anavyosikia neno "tulia".

"Sikiliza," aliniambia jikoni, macho yanawaka. "Anakula robo, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi tatizo si robo. Tatizo ni ukubwa wa robo."

Kesho yake alinunua sinia. Si sahani kubwa, ni sinia, lile ambalo ukilisimamisha mlangoni wageni wanadhani ni antena. Akapika wali na maharage kwa kipimo cha msibani, akamwaga, akamwekea mumewe. Beleshi aliliangalia muda mrefu. Akachora msalaba. Akasubiri kikapoa. Akala robo yake, na robo yenyewe ilikuwa chakula cha mtu mzima mwenye afya.

Dada aliingia jikoni akacheza. Bila muziki. Niliona kwa macho yangu.

Ikaendelea hivyo. Mashavu yakaanza kurudi. Robo tatu zilizobaki Dada alizirudisha kwenye sufuria, kesho zikapashwa, zikarudi kwenye sinia na nyongeza kidogo, zikagawanywa upya. Kuna maharage pale nyumbani niliyafahamu kwa sura. Nilipolalamika niliambiwa niende nikapike kwangu, na kwa kuwa kwangu ni palepale, mjadala ukafungwa.

Kisha siku moja Beleshi aliinuka mezani akasahau kofia, akarudi kuichukua. Alimkuta Dada amesimama na sinia limeinamishwa, anakwangua sehemu ya pili kurudi kwenye sufuria.

"Unafanya nini?"

"Naweka akiba, baba. Si kesho kuna..."

"Hizo ni za watu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua kofia yake, akaenda kukaa kwenye kizingiti, na tangu jioni ile hakugusa tena kitu chochote cha kutafunwa. Chai tu, na chai yenyewe kwa kubembelezwa. Mashavu yaliyokuwa njiani kurudi yakageuza safari.

Na ndipo mama yake alipokuja. Mama mkwe wa Dada, sisi nyuma yake tunamwita Jemedari, ni mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, na akiingia chumbani hata viti vinakaa vizuri.

"Shikamoo mama," Dada akasema.

"Marahaba, ingawa sijui naitikia nini. Huyu ni mwanangu au ni hanga ya kutundikia shati?"

"Mama, kliniki wamesema..."

"Kliniki! Kliniki wanampikia?" Akanigeukia. "Na wewe mdomo, umeshiba?"

"Nashukuru mama."

"Inaonekana. Kuna mtu anakula chakula cha humu, na si mwanangu." Akamtazama Beleshi, ambaye alikuwa anautazama mlango. Sauti yake ikateleza kidogo, akaidaka. "Jumapili kaka yake anakuja na gari. Namchukua. Kwangu atakula, atake asitake. Nilimlisha akiwa hana meno, nitamlisha akiwa nayo."

Alipoondoka, Dada alibaki ameshika kitasa cha mlango. Nilijua anachokiona. Alikuwa anaona lile dirisha la mjomba, na ile miguu inayoning'inia. Kwa mama mkwe kuna watu wengi wenye nguvu na vijiko. Watamshika. Atakimbia. Na safari hii hatutajua mtaro upi.

Kesho yake dukani alikuwa anamnyoa fundi wa redio, kichwa upande mmoja kimeisha na upande mwingine bado msitu, akasimama ghafla na mashine inanguruma mkononi.

"Na kama yule mama yuko sahihi?" aliniuliza. "Kama mimi ndiye ninayemuua?"

"Dada," fundi akaanza, "upande wa pili..."

"Nyamaza wewe, watu wanaongea mambo ya maana!" Akanirudia. "Alikuwa anakula. Kwa uongo, lakini alikuwa anakula. Nimeharibu kwa kijiko kimoja."

"Kliniki walisema usifanye ujanja."

"Najua walichosema! Nilikuwepo!" Akazima mashine. "Tena unajua kitu? Kila siku namwambia kula, kula, kula. Sijawahi kumuuliza kwa nini anagawa."

"Si tunajua kwa nini."

"Tunadhani."

Fundi wa redio alinyolewa upande wa pili bure siku hiyo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya lile duka, bila tusi hata moja. Aliondoka ana wasiwasi.

Jioni, kabla jua halijazama, Dada alikwenda kukaa kizingitini kwa mumewe. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Vyombo vyetu huoshwa karibu na mlango, hilo si kosa langu.

"Nilikudanganya na lile sinia," Dada akasema. "Nilikuza chakula ili robo ikue."

"Nilijua," Beleshi akasema.

"Ulijua?"

"Mke wangu, sinia kama lile hata jeshini hawana."

Nilisikia Dada akicheka kwa pua. Kisha akauliza, taratibu kabisa, sauti ambayo wateja wake hawajawahi kuisikia, "Zile sehemu, kila moja ina mwenyewe?"

Nilifunga bomba ili nisikie.

"Ya upande wa mlango ni ya Kipara. Haweki maharage juu ya wali, anaweka pembeni. Ya kulia ya Redio. Ya kushoto ya mdogo, Bwana Harusi, yeye nilikuwa namzidishia kidogo, wenzake wasione." Akavuta pumzi. "Siku ile nilimzidishia."

Dada hakusema pole. Naye ni mtu wa pole nyingi akitaka. Alisubiri.

"Niliposikia Redio amejibu wanakuja, niligeuka kufunika sinia, nzi wasiingie," Beleshi akasema. "Niligeuka hivi tu."

"Kwenye genge lenu," Dada akasema baadaye, "mtu akiwa mgonjwa, hakuja kazini, sehemu yake inafanywaje?"

"Hairudishwi kwenye sufuria." Hapo sauti yake ikawa kali kidogo, sauti ya mtu wa kazi. "Na aliyeshiba haongezi. Anaitwa mtu, yeyote, anayepita njiani, mlinzi, mwendesha toroli, anakaa mahali pa yule asiyekuja, anakula palepale. Sinia linaisha. Ndiyo utaratibu."

"Na nani anaamua kwamba mtu haji?"

"Mwenye zamu."

Dada hakuendelea. Mimi ningeendelea, ndiyo maana si mimi niliyeolewa naye. Alimshika mkono tu, wakakaa, na mimi nikafungua bomba, maana maji yangu yalikuwa yamekwisha povu.

Jumapili mchana Jemedari alifika na mkoba wake na kaka mtu, dereva mpole aliyebaki nje na gari linanguruma, tayari kwa kazi. Mama aliingia moja kwa moja hadi chumbani, akaanza kukunja mashati ya mwanawe.

Dada alikuwa ametenga chakula chini, kwenye mkeka. Wali, maharage, na sinia ni lile la zamani la nyumbani, la ukubwa wa kawaida. Safari hii hakukuwa na hesabu. Beleshi alikaa mbele yake. Akachukua kijiko, akachora msalaba. Akaweka kijiko chini, akageukia mlango.

Mimi na Dada tulikaa. Hatukugusa.

"Mnaona?" Jemedari akatokea na mashati mkononi. "Mnaona haya? Chakula kipo, mtoto anakufa, nanyi mmekaa mnamtazama kama televisheni! Inuka, baba, twende."

"Mama," Dada akasema, "naomba ukae."

"Nikae nifanye nini? Sikuja kula, mimi."

"Mama. Nakuomba. Kaa hapo tu. Ukikaa na akainuka, nitakufungia mkoba mwenyewe."

Sijui nini kilimfanya akubali. Labda ni kwa sababu Dada alikuwa hajawahi kumwomba kitu. Alikaa, mashati mapajani, na kwa vile nafasi iliyobaki ni moja tu, alikaa upande wa mlango. Beleshi alipokuwa anautazama mlango, sasa alikuwa anamtazama mama yake.

Chakula kikatoa mvuke. Mvuke ukapungua. Nje gari likanguruma, kisha kaka mtu akalizima. Nilikuwa na maneno kumi na moja mazuri ya kuvunja ukimya na niliyameza yote, jambo ambalo nataka liandikwe kwenye kaburi langu.

Beleshi alichukua kijiko. Nilidhani anakula. Badala yake aliyasogeza maharage ya ile sehemu ya mlangoni, punje kwa punje, yakatoka juu ya wali yakakaa pembeni.

"Hawaji," akasema.

"Hawaji," akarudia, na safari hii uso wake ulikunjamana wote, machozi yakaingia kwenye ndevu. Akaisogeza ile sehemu kwa mama yake. "Mama. Kula, mama. Hii ilikuwa ya Kipara."

Jemedari alimwangalia. Mwanamke yule ana jibu la kila kitu. Nimemwona akibishana na mvua. Safari hii aliweka mashati chini, akanawa. Beleshi akamsogezea Dada ya Redio. Mimi nikapewa ya Bwana Harusi, na ilikuwa imezidi kidogo.

Tukala. Tulikuwa tunalia na kula, mafua na maharage, aibu tupu. Na Beleshi alikula. Hakula yote: alifika mbali kidogo kupita nusu ya sehemu yake, akasimama, akasema tumbo limekataa, na hakuna aliyemhesabia. Lakini chakula kilikuwa bado cha moto. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akitia tonge la moto mdomoni.

"Chumvi," Jemedari akasema hatimaye, akipangusa pua kwa kanga. "Nani aliyepika hiki hajui chumvi?"

"Ni mimi, mama," Dada akasema.

"Nilijua."

Kaka mtu alichungulia mlangoni kuuliza kama mizigo iko tayari. Jemedari alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, amechoka kama mtu aliyetoka kubeba nyumba.

"Baba, unakuja kwangu?"

"Jumanne nina kliniki, mama," Beleshi akasema. "Naenda na mke wangu."

"Haya." Akafikiri. "Mnakula watatu humu, si ndiyo? Wewe, mkeo na huyu mdomo."

"Ndiyo."

"Na sehemu ni nne."

Nikaona uso wa Dada ukianza kuelewa.

"Lete ule mkoba wangu wa nguo ulioko kwenye gari," Jemedari akamwambia dereva. "Na ule mwingine. Na godoro langu, liko nyuma, nililibeba endapo atakataa kuondoka." Akanigeukia. "Wewe unalala wapi?"

"Pale, mama, chumba cha pembeni."

"Ulikuwa unalala pale," akasema, akaanza kukunjua mashati.